Nimekuja Kumchukua Gunarto

Januari 11

Nimefika Jakarta. Umri wote huu sikuwahi kuuona mji huu, na leo nimeuona kwa kupitia upenyo wa turubai la bajaji, mvua inapiga, magoti yamegusa kidevu na gunia la soya liko mapajani. Gunarto alinipokea stesheni. Amenenepa. Akanibusu mkono, kisha akaliangalia gunia.

"Mama, huku soya zipo."

"Zipo, lakini hatujuani."

Akacheka, akalibeba. Nimefurahi kumwona mpaka nikasahau kumgombeza kwa kutoandika.

Niliseme hapa wazi, maana kwa mdomo sitalisema: sikuja harusini tu. Nimekuja kumchukua mwanangu. Amwoe huyo Rodiah wake, sawa, lakini harusi ikiisha warudi nami kwetu Wonogiri wote wawili. Nyumba ipo na kazi ya tempe, ile mikate yetu ya soya, ipo. Tangu baba yake afariki naongea na masufuria. Watu wa huku wana tabia ya kumhamishia bwana harusi nyumbani kwa wakweze, na akishaingia humo ndio basi, mimi nitamwona Idi hadi Idi kama kadi ya posta.

Kwetu mtu hasemi mambo hivihivi. Unatabasamu, unazunguka, mwenzako anaelewa. Yale yasiyozungukika ndiyo nayaandika humu.

Januari 12

Nimekutana na mama wa msichana. Anaitwa Saonah, na asubuhi anauza wali wa nazi mbele ya nyumba yake, vichochoro viwili kutoka chumba cha Gunarto. Sauti yake niliisikia kabla sijamwona.

"Ndiye huyu mama Gunarto? Jamani! Mbona kakauka hivi? Huko kwenu hamli?"

Mbele ya wateja! Nikatabasamu. Akanijazia sahani: wali, yai, paja la kuku, pilipili ya kukaanga. Harufu yake ilinipanda hadi utosini. Nikasema, "Usijisumbue dada yangu, nimeshiba."

"Haya," akasema, akaichukua ile sahani akampa kijana wa bodaboda.

Nilibaki na tabasamu langu. Kwetu unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili, ya tatu unapokea. Hata mtoto wa kunyonya anajua. Nimerudi chumbani nikamaliza biskuti za treni.

Januari 13

Amenikaribisha tena. Nikakataa mara moja tu, kwa upole kabisa. Sahani ikaondoka. Mvua.

Januari 15

Rodiah amekuja peke yake, kaniletea wali ndani ya jani la mgomba. Ana uso mpana kama wa mama yake, ila sauti amepewa ya baba yake, ya upole.

"Mama," akaniambia huku akinikunjulia jani, "kwa mama yangu, ukisema hapana ni hapana. Sema ndiyo haraka, kabla hajageuka."

"Hata kama ni mara ya kwanza?"

"Hasa mara ya kwanza."

Nilikuwa nimepanga nisimpende upesi huyu msichana. Kanivurugia mipango.

Januari 16

Nimesema ndiyo. Nimekula. Ule wali, basi tu! Saonah simwambii.

Januari 19

Gunarto amefunga kibanda chake cha supu ya mipira ya nyama ili anitembeze. Tumepanda basi linalopita katika njia yake lenyewe, tumeingia jengo ambalo lifti yake iliniacha tumbo chini nikalikuta juu. Kilichonipendeza zaidi ni daraja la waenda kwa miguu. Nilisimama katikati, magari chini yangu yanakwenda hivi na hivi, mengi mpaka macho yanachoka, na mvua imetulia kidogo. Nikajikuta nacheka peke yangu.

"Mama, unacheka nini?"

"Sijui. Wote hawa wanakwenda wapi?"

"Kula," akasema.

Kisha akaniambia hapo darajani ndipo alipomwambia Rodiah kwamba anataka kumwoa. Alilazimika kupiga kelele kwa sababu ya magari, na watu wakampigia makofi. Gunarto wangu, aliyekuwa akiogopa hata kuomba chumvi! Nilifurahi, na papo hapo nikaingiwa na hofu. Mtu aliyepigiwa makofi darajani atarudi kweli Wonogiri?

Januari 23

Tempe ya kwanza imeharibika. Joto la huku halina subira: kwetu soya zikishafungwa kwenye jani hulala siku mbili ndipo ukungu mweupe uzishike vizuri, hapa zimewahi zikaungua zikawa nyeusi. Saonah kapita dirishani, kasimama, kavuta pua.

"Mama Gunarto, umefiwa na panya humo ndani?"

Nikatabasamu. Moyoni nikajibu: panya alitoka kwako, alikula jengkoli zako. Yeye ndiye wa kusema harufu! Akipika zile mbegu zake za jengkoli, mtaa mzima unajua hadi kesho yake. Nimecheka peke yangu mpaka nikapaliwa na chai.

Januari 24

Mvua.

Januari 28

Nimemgusia Gunarto lile jambo, kwa adabu. Nilimwambia, "Paa la jikoni kule nyumbani linavuja."

Kila mtu wa kwetu angeelewa. Akaniambia, "Nitapiga simu kwa fundi, Mama."

Loo! Mji umeshamla huyu. Nikajaribu tena jioni: nikasema kuku wamekuwa wengi, hakuna wa kuwafunga. Akasema niwauze. Rodiah alikuwa anaosha bakuli pale pembeni, akainua macho akaniangalia, akainamisha tena. Yeye alielewa. Namwonea haya, na bado namtaka mwanangu.

Februari 3

Nimekaa juu, ghorofani kwa Saonah, naandika na miguu yangu haijakauka. Mto ulio nyuma ya mtaa umefurika.

Alfajiri nilishusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Gunarto alikuwa ameshakwenda kuokoa mitungi na majiko ya kibandani. Nikapandisha vyombo, nikapandisha gunia, nikapanda mwenyewe juu ya meza. Hapo ndipo nilipoisikia ile sauti ikija kichochoroni.

"Mama Gunarto! Uko hai?"

Nikachungulia. Saonah yumo ndani ya maji hadi mapajani, kanga yake ya batiki ameikunja kiunoni, na baba Rodiah, mzee Mursid, yuko nyuma yake anasukuma beseni linaloelea. Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Usijisumbue, dada yangu!"

Sikukusudia. Ulimi umezoea.

"Nyamaza wewe, toka!" akanifokea. "Unangoja kadi ya mwaliko?"

Akaingia, akalitwika gunia langu la soya kichwani, mkono mmoja akalishika, mkono wa pili akanibana mimi kwapani kama furushi. Njia nzima ananitukana. Nina mifupa ya ndege, nina akili ya kuku, mwanangu atamlaumu nani nikizama. Mzee Mursid yeye anasema tu, "Taratibu, taratibu," hatujui anatuambia sisi au maji.

Huku juu tumejaa: sisi, majirani, paka, jiko la gesi. Saonah amepika wali kwa ajili ya wote. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Kisha kaja kukaa karibu nami, tukawa tunaangalia ndara za watu zinavyopita barabarani zenyewe. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Najua umekuja kumchukua."

Nikaanza kutabasamu. Akasema, "Usinitabasamie. Paa linavuja, kuku hawafungwi. Rodiah kaniambia. Sasa mimi sijui kuzunguka kama ninyi, nakuambia hivi: wangu wote wameolewa wakaenda, mmoja yuko Sumatra namwona kwenye simu. Amebaki huyu. Nyumba ikinyamaza mimi nitakufa. Simtoi. Unasikia? Simtoi, na wako pia namtaka hapa."

Hakuna mtu aliyewahi kusema nami hivyo maishani mwangu. Nilitaka kumjibu kwamba na nyumba yangu imenyamaza, ya kwangu tayari, miaka mingi. Nikamwambia tu wali ulikuwa mtamu.

"Najua," akasema, akainuka kwenda kumkemea paka.

Februari 5

Maji yameshuka. Tope kila mahali. Kutwa nzima tumesukuma tope.

Februari 6

Tope.

Februari 11

Nimelipatia joto la huku! Nafunga vipande vyembamba zaidi, natoboa majani, natandika juu ya waya upepo upite. Tempe imetoka nyeupe, imeshikana, ukiipiga kidole inalia. Saonah ameikaanga akaweka pembeni ya wali wake. Imekwisha kabla wali haujafika nusu.

Hakuweza kuvumilia. Akasema kwa sauti ya mtaa mzima, "Imeuzika, lakini imenuna kama mwenyewe!"

Sijui ni shetani gani aliyenipanda. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Imenuna kwa sababu umeilaza na wali wako."

Mwiko wa Saonah umesimama hewani. Halafu vijana wa bodaboda wakalipuka, weee! Saonah alicheka akakaa chini, machozi yanamtoka, anapiga paja. "Kumbe ulimi unao! Ulimi unao na umeuficha muda wote huu!"

Kutwa nzima mwili wangu ulikuwa mwepesi. Sikujua kuwa inaburudisha hivi.

Februari 14

Saonah kaniambia nacheka kama bajaji isiyotaka kuwaka. Nikamwambia yeye anacheka kama iliyokwisha kugonga. Rodiah anatuomba tupunguze, wateja wanachelewa kazini.

Nampenda huyu mwanamke. Nimeandika. Na bado hatujaelewana nani atabaki na watoto.

Februari 19

Ndugu wamefika kwa basi kutoka Wonogiri. Anayeongoza ni shemeji yangu Parjo, mdogo wa marehemu, ndiye mzee wa upande wetu. Parjo ni mpole kupita kiasi. Akikanyagwa mguu, anaomba radhi yeye.

Gunarto amewakalisha akawaeleza desturi ya mlangoni. Tukifika kwa bibi harusi tutazuiwa. Watatusimanga kwa mashairi, na mjomba wa Rodiah, Namin, atatoa panga na kutaka kupigana. Ni mchezo, lakini lazima uchezwe: upande wa bwana harusi ujibu mashairi, umshinde Namin, usome salawati, ndipo mlango ufunguliwe na ndoa ifungwe. Sisi hatujui hayo, kwa hiyo amekodiwa bingwa wa hapahapa, anaitwa Kosim, atujibie.

"Na sisi tufanye nini?" Parjo akauliza.

"Msimame nyuma yake mtabasamu."

"Hilo tunaliweza," akasema Parjo.

Februari 21

Lazima niandike leo leo.

Tuliondoka asubuhi kwa maandamano, matari mbele, mwavuli juu ya Gunarto, wapwa zangu wamebeba mikate miwili mikubwa yenye umbo la mamba, dume na jike, maana huku mamba ndiye mume asiyemwacha mkewe. Manyunyu. Gunarto amevaa joho na kilemba, sijamwona mzuri hivyo tangu siku niliyomtahirisha. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ndoa ikiisha tu, mbele ya wazee wote, nitalitaja lile la kurudi, wazi, bila paa wala kuku. Saonah kanifundisha.

Tumefika kona ya nyumba, Kosim hayupo. Simu ikalia: yuko ng'ambo ya mto, maji yamefunga barabara, anaomba tumsubiri. Kabla hatujasema neno fataki zikalipuka langoni, mfululizo mzima, pa-pa-pa-pa, moshi. Moshi ukipungua, Namin huyo, suruali nyeusi, mshipi mwekundu, panga mkononi. Akatukodolea macho akaanza:

"Mvua yanyesha, paa lavuja,
ndoo ya chini imeshajaa.
Nani kawaita, mbona mwaja?
Geukeni nyuma, acheni kushangaa!"

Halafu akanyamaza akingoja. Mtaa mzima ukangoja. Na mbele yetu hakuna mtu ila Parjo.

Parjo akavua kofia. Akainama vizuri kabisa. Akasema, "Tunaomba radhi sana, bwana. Ni kweli, tumekosa sharti lenu. Hatutaki kuwaudhi siku ya furaha yenu." Kisha akageuka, akatuashiria kwa kidole gumba, kwa adabu, namna tunavyoashiria kwetu, na watu wote wa Wonogiri wakageuka naye. Mikate ya mamba ikageuka. Tukaanza kurudi.

Watu wa mtaa huu wa Condet walicheka mwanzo, walidhani ni mbwembwe mpya. Kisha nikasikia kicheko kinakatika. Namin akasema, "Hee, wanakwenda wapi hawa?"

Na mimi nilikuwa natembea nao. Nitasema ukweli wangu: hatua za mwanzo nilitembea na moyo mwepesi. Nilifikiri, basi. Sikugombana na mtu, sikusema neno baya, na mwanangu anarudi nyumbani. Kila nilichokuja kutafuta mjini hapa nimepewa, tena kwa heshima.

Nikamtazama Gunarto.

Alikuwa anatufuata. Hakuweza kumpinga baba yake mdogo hadharani, hatukumlea hivyo. Macho yako chini, kilemba kimelowa, anakanyaga nilipokanyaga mimi. Mvulana aliyepiga kelele darajani mbele ya Jakarta nzima, sasa hana sauti. Angenifuata hivyohivyo hadi stesheni, hadi Wonogiri, hadi jikoni, na asingenilaumu hata siku moja.

Nikageuka.

Nilimpokonya mpwa wangu mwavuli, nikarudi peke yangu hadi langoni, nikasimama mbele ya Namin. Ni mtu mkubwa. Nikafungua mdomo nikisubiri kuona kitakachotoka:

"Naloweka soya, nachemsha soya,
nafunga kwa jani la mgomba.
Nimepanda treni, nimeacha kaya,
sikuja mlangoni kwenu kuomba!"

Ilipigwa yowe nadhani hadi mji wa Bogor wamesikia. Dirishani juu nikamwona Saonah, nusu ya mwili iko nje, kashika kichwa kwa mikono miwili. Namin uso ukamwaka kwa furaha, akapunga panga:

"Panga langu lina makali,
limeangusha nazi na mnazi.
Mama kijiti umetoka mbali,
huyo mwanao anajua kazi?"

Mama kijiti! Nikamjibu kabla hajashusha mkono:

"Nazi yako mbovu, haitoi tui,
ukune leo, ukune kesho.
Supu ya mwanangu leo huijui?
Jana ulikunywa bakuli la mwisho!"

"Kweli! Nilimwona!" kijana mmoja wa bodaboda akapayuka.

Hapo Namin akanirukia kwa mchezo, panga juu. Nikamchoma tumboni na ncha ya mwavuli, kidogo tu. Allah ambariki mtu yule, alipiga ukelele kama wa kuchinjwa, akazunguka, akajibwaga chali katikati ya dimbwi na nguo zake zote za sherehe. Akapapatika miguu. Watu wakalala kwa kucheka. Parjo alikuwa amesharudi mbio, anataka kumwinua na kumwomba radhi, wapwa zangu wakamshika.

Gunarto akasoma salawati. Sauti ilianza inatetemeka, ikatulia, ikajaa. Watu waliacha kucheka wakaitikia.

Kisha Namin, bado yumo dimbwini, ameegemea kiwiko, akaniuliza kama desturi inavyotaka, kwa sauti ya kusikika na wote: "Haya mama, umenishinda. Sema sasa mbele ya watu. Umekuja kufanya nini hapa?"

Nilitafuta shairi. Halikuwepo. Juu dirishani Saonah hakuwa anacheka tena, alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Nimekuja kumleta mwanangu. Awe wenu. Fungueni mlango."

Aliyekuja kuufungua ni Saonah mwenyewe, peku, amepita kila mtu. Akanikumbatia pale pale kwenye matone, akalia kwa sauti, na mimi nikalia kwa sauti, sikujizuia hata kidogo. "Na wewe pia," ananiambia sikioni, "na wewe pia, mjinga wewe, ulidhani namtaka mtoto tu? Chumba cha juu ni chako, mvua ikianza unakuja." Nikasema ndiyo. Mara ya kwanza.

Ndoa imefungwa. Baada yake Gunarto akaja kupiga magoti mbele yangu, paji lake juu ya magoti yangu, kuomba baraka kama ilivyo kwetu. Hakuinuka.

"Mama," akasema chini kwa chini, "lile paa nililielewa siku ile ile, na tulipogeuka nilijua umeshinda. Kwa nini ulirudi?"

"Kwa sababu ulinifuata," nikamwambia.

Nikasikia mabega yake yanatikisika. Nikamwacha kidogo, mkono wangu uko kichwani pake. Kisha nikamwambia ainuke, mkewe anamngoja.